Kifutu wa Singida na Habu wa Okinawa

SWALI: Nimesoma kuhusu habu, nyoka wa visiwa vya Okinawa, Japani, anayehisi joto la mnyama gizani. Je, kifutu tunayemkuta mashambani huku Mkalama ni wa aina hiyo? Na nguchiro wanaweza kumpunguza?

JIBU: Ni ndugu wa ukoo mmoja, lakini kifutu hana kile kishimo kati ya jicho na pua ambacho habu hupokelea joto. Nyoka wenye vishimo hivyo wako Asia na Amerika. Afrika hawapo kabisa.

Kifutu hutegemea kujificha. Hulala kimya kando ya njia au chini ya mabua ya alizeti, rangi yake ikifanana na majani makavu, na hakimbii ukimkaribia. Ndiyo maana hukanyagwa. Usiku tembea na tochi na viatu vilivyofunika mguu, na mabua yainue kwa fimbo, si kwa mkono.

Nguchiro usiwategemee. Okinawa waliwaleta mwaka 1910 wamalize habu. Nguchiro huwinda mchana, habu usiku, basi wakageukia ndege na wanyama adimu wa kisiwani.

Nakusihi sana: aliyeumwa avuliwe pete na bangili mapema, kabla ya uvimbe, mguu ufungiwe ubao kama uliovunjika, abebwe hospitali upesi. Msichanje, msinyonye, msikaze kamba. Sumu ya kifutu huozesha nyama, na kamba huongeza madhara hayo.