Kumjua Mnunuzi Halisi

Muhula uliopita, katika somo la Biashara, mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu aliniuliza hivi: mtu mwenye bidhaa ya kuuza kwa hoteli, kampuni au ofisi, amwendee nani? Kengele ililia kabla sijamaliza kumjibu. Basi namjibu hapa, na wazazi wenye mashamba na maduka nao wasome.

Wengi hudhani kuwa yafaa kumwendea mkubwa wa mahali. Mimi nami nilidhani hivyo. Chama cha Kilimo cha shule yetu kilikuwa na kuku 200, na kila siku tulipata trei tano za mayai. Wenye maduka waliokuwa wakituuzia walipopunguza, nilivaa koti langu nikaenda hoteli moja kubwa ya mjini, nikaomba kumwona Meneja. Alinipokea kwa heshima, akaniagizia chai, akasifu bidii ya vijana, akasema, "Mwalimu, tumekusikia." Nikarudi shuleni nikawaambia wanafunzi kuwa shida imekwisha. Siku nane zikapita bila neno lolote. Trei 40 zikajaa stoo, yaani mayai 1,200, na mwenye duka la chakula cha kuku akaanza kutudai.

Aliyetuokoa ni mweka hazina wa chama, kijana wa miaka kumi na saba. Yeye alikwenda mlango wa nyuma, ule wa jikoni. Alimwamkia mpishi mkuu, "Shikamoo mzee," kisha akamwuliza jambo moja tu: mayai yakichelewa, ni nani apataye taabu? Mzee akacheka. Akajibu kuwa ni yeye, maana wageni huanza kula saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na mtu wao wa mayai hufika saa mbili. Kwa dakika kumi kijana yule alijua mambo ambayo mimi sikuyapata kwa chai ya Meneja. Mpishi ndiye asemaye mayai ya namna gani yanafaa. Afisa manunuzi hulinganisha bei na kuandika oda. Mtunza stoo huhesabu na kutia sahihi. Mhasibu hulipa. Meneja hashughuliki na mayai asilani. Karatasi humfikia yakinunuliwa majokofu.

Jambo hili limechunguzwa na wataalamu. Mwaka 1972 Frederick Webster na Yoram Wind, wote wa Marekani, walieleza kuwa katika shirika mnunuzi si mtu mmoja bali ni kundi la watu wenye kazi tano: watumiao kitu, washawishi, wanunuzi wenyewe, waamuzi, na walinda mlango. Mtu mmoja aweza kushika kazi mbili au tatu; katika duka dogo mwenye duka huzishika zote tano. Mlinda mlango si lazima awe bawabu. Aweza kuwa karani apokeaye barua, naye akiiweka barua yako mtotoni mwa meza, imelala huko. Kwa hiyo mwamkieni vizuri, wala msimpite kama nguzo.

Tena kila mmoja ataka kusikia neno lake. Mpishi tulimwahidi saa kumi na moja na nusu alfajiri. Afisa manunuzi hakujali saa; alitaka bei isiyobadilika kwa miezi mitatu. Mhasibu tulimsahau, na hapo tuliumia mara ya pili. Tulipopeleka hati ya madai tukaambiwa kuwa malipo hufanywa baada ya siku 30, na kuku hawangoji siku 30. Ilitubidi kuuza trei mbili kila siku sokoni kwa fedha taslimu ili tununue pumba.

Ofisi za Serikali zina njia nyingine. Hapa Tanzania, Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 imegawa kazi hizo makusudi: idara itumiayo hueleza haja yake, kitengo cha ununuzi huendesha shughuli, bodi ya zabuni huidhinisha, na afisa masuuli huwajibika kwa yote. Zabuni hupitishwa katika mfumo wa kompyuta uitwao NeST. Huko, kumjua mtu si kazi ya kutafuta. Kazi ni kujisajili na kuleta karatasi zilizo kamili. Anayekuahidi zabuni faraghani anaahidi kitu asichokuwa nacho.

Sasa bustani yetu ina kabichi zitakazokomaa muhula ujao. Kidato cha Tatu, chagueni mahali pamoja mjini panapopika kwa watu wengi. Kabla ya kuandika barua yoyote, nileteeni karatasi yenye majibu haya: nani hupika, nani huandika oda, nani hupokea, nani hulipa na baada ya siku ngapi. Mweka hazina wetu atazisahihisha pamoja nami.