Mwenyezi Mungu na Mzee wa Zawadi: Je, Imani ni Jambo la Utotoni?

Ama baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, somo letu la leo lahusu swali lililoletwa katika darasa letu hapa Chewele na kijana mmoja aliyerudi likizoni kutoka chuoni. Hakulileta kwa dhihaka, wala haitufai sisi kulipokea kwa hasira. Alisema hivi: "Wenzangu chuoni hudai ya kuwa kumwamini Mungu ni sawasawa na watoto wa Kizungu wanavyomwamini yule mzee wa zawadi. Mtoto humwamini kwa kuwa ameambiwa na wazazi wake. Akikua na kupata akili, humwacha. Basi mbona sisi hatukumwacha wetu?"

Wapo waliotaka kijana huyu anyamazishwe. Sisi twasema swali lake lina haki ya kujibiwa. Swali lililofukuzwa msikitini halifi; hutoka nje likatafuta jawabu kwa mtu mwingine.

Mzee huyu ni nani?

Asili yake ni askofu wa Kikristo aliyeitwa Nicholas, wa mji wa Myra, katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Aliishi katika karne ya 4, akasifika kwa ukarimu. Baada ya karne nyingi Waholanzi walimwita Sinterklaas, na huko Marekani jina hilo likageuka kuwa Santa Claus. Watoto huambiwa kuwa ni mzee mwenye ndevu nyeupe, ajaye usiku wa Krismasi kuweka zawadi majumbani. Na picha zake twaziona hata katika maduka ya miji yetu kila ufikapo Desemba.

Mwaka 1897 binti wa miaka 8 wa New York, jina lake Virginia O'Hanlon, aliliandikia gazeti la The Sun kuuliza kama mzee huyo yupo kweli. Gazeti lilimjibu kwamba yupo. Hapana shaka mwandishi alikusudia wema, naye alitaka kuulinda moyo wa mtoto na ukarimu wa watu. Lakini mtoto aliomba ukweli, akapewa maneno matamu. Msomaji na alikumbuke jambo hili, kwani tutalirudia.

Lililo kweli katika hoja hii

Yatupasa kukiri kwanza lililo kweli. Ni kweli kwamba wengi wetu tulimjua Mungu kwa kuambiwa na mama na baba, kabla hatujajua kufunga vifungo vya kanzu. Imam Ghazali, aliyezaliwa Tus mwaka 1058 na kufariki mwaka 1111, aliliona jambo hili zamani. Aliona kuwa watoto wa Wakristo hukua Wakristo, wa Mayahudi hukua Mayahudi, na wa Waislamu hukua Waislamu. Akajiuliza ni kipi katika imani yake kilichokuwa kweli, na kipi alichokirithi kama kanzu ya babaye. Hakulificha swali hilo, bali aliliandika kitabuni, naye ni mwalimu mkubwa wa Baghdad.

Lakini kufundishwa jambo utotoni si dalili ya kuwa jambo hilo ni uwongo. Utotoni tulifundishwa pia kuhesabu, na kwamba moto huunguza. Njia tuliyolipatia jambo ni kitu kimoja, na ukweli wa jambo lenyewe ni kitu kingine. Mizani ni hii: akili iliyokomaa ikirudi kulichunguza, je, jambo lasimama au laanguka?

Jawabu la kwanza: jino na mto

Wapo watoto wetu wafundishwao kulirusha juu ya paa jino la utoto ling'okapo, na kungojea waletewe jipya. Basi jino jipya huja. Mtoto akikua hujua kwamba paa halikuleta kitu. Je, asema sasa kwamba jino halikuja? La! Jino analo kinywani na analitafunia. Alilolikosea ni jina la mtoaji, wala hakukosea kwamba amepewa.

Hali kadhalika mtoto wa Kizungu. Siku amwonapo babaye akiiweka zawadi usiku, mzee wa ndevu hana kazi tena, maana kazi aliyodaiwa kuifanya imeonekana ikifanywa na mwingine. Wawili hawa waligombea nafasi moja, na mmoja alipothibitika, mwenziwe akatoweka.

Sasa tuutazame mto wetu. Mtoto wa Chewele huweza kuuona Mto Tana umefurika hali juu ya kichwa chake hapana hata wingu. Mtoto mdogo aweza kudhani maji yamezuka hapo hapo. Akienda shule hufundishwa kwamba mvua imenyesha mbali, katika Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, na kwamba maji yamepita katika mabwawa ya Masinga na Kiambere kabla ya kutufikia. Elimu hii ni ya kweli, na ni wajibu wetu kuisoma. Lakini je, imemwondoa Mwenyezi Mungu kama vile baba alivyomwondoa mzee wa zawadi? Haikumwondoa, kwa sababu sisi hatukusema kwamba Mungu ni bwawa jingine lililofichwa nyuma ya Masinga. Twasema kwamba mlima, wingu, maji, na kanuni ya maji kuteremka bondeni, vyote hivi havikujiumba. Kila sababu tuionayo yahitaji sababu nyingine, nasi twauliza juu ya Yule asiyehitaji. Anayemweka Mungu katika safu moja na sababu nyingine, kisha akafurahi kwamba hakumwona safuni, amemtafuta pasipokuwa mahali pake.

Jawabu la pili: dini yetu huanza kwa kukanusha

Yule mzee wa zawadi huishi kwa kutoulizwa. Ama dini yetu, neno lake la kwanza ni la kukanusha. Katika kalima, kabla ya kumthibitisha Mwenyezi Mungu, twakanusha kwanza kila kinachoabudiwa pasipo haki. Qur'ani katika Sura ya 6 yaeleza habari ya Nabii Ibrahim, alivyoitazama nyota, kisha mwezi, kisha jua. Kila kimoja kilipotua alikikataa, akauelekeza uso wake kwa Muumba wa hivyo vyote. Basi kumwacha mtoaji wa uwongo hakuitoki njia ya Ibrahim. Bali ndiyo hatua yake ya kwanza. Makosa ni kukomea hapo.

Na turudi kwa yule binti wa New York. Mwaka wa 10 wa Hijra alifariki Ibrahim, mwana mdogo wa Mtume (s.a.w.), na siku hiyo jua likapatwa. Watu wakasema jua limepatwa kwa ajili ya msiba huo. Lau Mtume angetaka kuijenga imani yao kwa maneno matamu, angenyamaza tu, na wangemzidishia utukufu. Hakunyamaza. Aliwaambia kwamba jua na mwezi ni ishara katika ishara za Mungu, wala havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Alisema haya naye yu katika majonzi ya mwanawe. Dini iliyokataa kusaidiwa na uwongo siku kama ile haistahili kufananishwa na hadithi ya usiku wa Krismasi.

Jawabu la tatu: ni letu sisi

Hapa ndipo penye uchungu, wala hatutaupita. Huenda kijana wetu akatujibu: "Haya nimeyafahamu. Lakini mbona nyinyi wenyewe mwamfanya Mungu kama mzee wa zawadi?" Na atakuwa amesema kweli juu ya wengi wetu.

Tazama yaliyotupata. Ukame ulioanza mwaka 2020 ulidumu hadi mapema 2023, na katika nchi hii ya Tana mifugo mingi ilikufa. Tuliomba mvua. Novemba 2023 mvua na mafuriko yalikuja kwa nguvu hata yakachukua mashamba na nyumba za watu. Yule aliyefundishwa kwamba Mungu ni wa kuombwa ng'ombe na kutoa ng'ombe, atasema nini mbele ya mizoga? Atasema, kama mtoto asiyepata zawadi, kwamba hapana mtu. Au atakwenda kwa mganga kununua hirizi, akitafuta mtoaji mwepesi zaidi. Swala ya kuomba mvua ni ibada ya mja anayemnyenyekea Mola wake, mvua ije au isije. Aliyeswali kisha akagawana na jirani debe la maji lililobaki, huyo ameifahamu. Hatudai kuijua siri ya kila msiba. Twadai tu kwamba hatukuahidiwa dunia isiyo na misiba, na asiyeahidi hakuvunja ahadi.

Na lingine ni malezi. Twawatisha watoto kwa zimwi, twawadanganya kwa peremende, kisha kwa ulimi ule ule twawaambia Mungu yupo. Mtoto atatenganishaje? Abdullah bin Amir amepokea kwamba mamaye alimwita utotoni, akimwambia aje ampe kitu, na Mtume (s.a.w.) amekaa nyumbani mwao. Mtume akamuuliza mama alitaka kumpa nini. Akajibu kwamba ni tende. Akamwambia kuwa lau asingempa kitu, angeandikiwa uwongo. Ndugu zangu, hii ni tende moja! Mzazi asiyemdanganya mwanawe kwa tende, mwanawe atamsadiki amwambiapo habari ya Mola wake.

Basi neno letu kwa yule kijana ni hili: usiiache imani yako kwa kuwa uliipata utotoni, wala usikae nayo kama ulivyoipata utotoni. Kanzu ya mtoto haimwenei mtu mzima, naye hatembei uchi kwa sababu hiyo. Hushona nyingine kwa kimo chake. Na neno letu kwa wazee: kijana aulizapo, msogezeeni mkeka akae.

Maswali ya kudurusu nyumbani

1. Kwa nini kuonekana kwa baba humwondoa mzee wa zawadi, na kujulikana chanzo cha mafuriko hakumwondoi Muumba?

2. Mtume (s.a.w.) alitufunza nini siku jua lilipopatwa?

3. Ni ahadi gani tuliyompa mtoto wiki hii, nayo hatujaitimiza?