SOMO: UDEREVA WA TRELA UKIWA NA MIAKA 45

Akina baba waliopunguzwa kazini hutuuliza: "Je, tumechelewa kujifunza trela?" Hapana. Utulivu wa mtu mzima ni mali barabarani. Lakini kabla hujamaliza kiinua mgongo kwa ada ya mafunzo, keti na mama watoto mpige hesabu.

Mombasa hadi Malaba ni zaidi ya kilomita 900. Sheria ya Kenya inamwekea dereva wa lori kikomo cha kilomita 80 kwa saa, na saa 8 za usukani kwa siku. Basi lazima ulale njiani.

Mjadiliane:
1. Macho na mgongo umepimwa?
2. Kabla ya kuandikwa kazi, nyumbani mtakula nini?
3. Tajiri akisema, "Fika leo leo," utamjibuje?