Mtoto wa Mlevi Katika Jumuiya Yetu: Tumsaidieje?



Ndugu msomaji, mzazi aliyezama katika ulevi tunamjua. Tunajua kilabu anachoshinda, tunajua saa anayorudi, na katika Jumuiya Ndogo Ndogo tunamwombea kwa jina. Mtoto wake aliyeketi pale pale mkekani, akisikia jina la baba likitajwa mbele ya majirani, yeye hatumwombei. Somo hili linamhusu huyo.

Hatumzungumzii kila anayekunywa. Mbege kwa Wachaga ni kinywaji cha ukarimu, kama ulanzi kwa watu wa Iringa na Njombe, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki (namba 2290) inatutaka tuwe na kiasi, haikatazi kinywaji chenyewe. Tunamzungumzia yule ambaye pombe imeshika usukani wa nyumba yake: ada, chakula na usingizi wa watoto vyote vinaingojea.

Mtoto wa nyumba hiyo hujifunza mapema kusoma hatua. Kwa mlio wa miguu ya baba njiani anajua kama leo watalala kwao au kwa jirani. Haleti marafiki nyumbani. Ahadi hazimfurahishi tena, kwa kuwa amesikia nyingi. Mmoja huwa mgomvi shuleni, na huyo angalau tunamwona. Anayetuponyoka ni yule mwema, mara nyingi kifungua mimba, anayepika, anayeogesha wadogo zake, anayemvua baba viatu na kumfunika. Parokiani tunamsifu na kumpa uongozi wa Utoto Mtakatifu. Kumbe tunamwongezea gunia juu ya gunia.

Moyoni mwake mara nyingi kuna swali moja: je, ni kosa langu? Pengine aliwahi kuambiwa hivyo: "Nakunywa kwa sababu yenu." Mwaka 1957 huko Marekani vilianza vikundi vya vijana wenye ndugu walevi, viitwavyo Alateen, na hadi leo wanafundishana mambo matatu ambayo katekista yeyote anaweza kumwambia mtoto kwa maneno yake: hukuusababisha ulevi huu, huwezi kuuzuia, wala huwezi kuuponya. Hilo la tatu ndilo gumu kwetu waamini, kwa sababu tumezoea kumwambia mtoto, "Sali sana, baba ataacha." Asali, ndiyo. Lakini baba asipoacha, mtoto atahesabu kwamba sala yake ilikuwa ndogo. Tumwambie wazi kwamba kuponywa kwa baba si mtihani wa imani yake.

Hapo huja pingamizi la amri ya nne, na hadithi ya Nuhu (Mwa 9:20-27). Wengi hufundisha kwamba mtoto mwema ni yule anayefunika, kama Shemu na Yafethi, na asemaye ya nyumbani ni Hamu. Tuisome vizuri. Shemu na Yafethi walikuwa watu wazima, wenye wake zao tangu kabla ya gharika. Na walilibeba lile vazi wawili, mabegani. Mtoto wa miaka tisa anayelibeba peke yake hafanani nao hata kidogo. Kosa la Hamu wafafanuzi wengi wameliona katika dharau. Mtoto anayemwambia shangazi, mwalimu au frateri kwamba usiku wanapigwa hamdharau baba. Anatafuta wa kushika upande wa pili wa vazi.

Basi tufanye nini? Kwanza awepo mtu mzima mmoja asiyebadilika: bibi, mama wa ubatizo, jirani wa jumuiya. Mtoto ajue mlango upi unafunguliwa saa nne usiku bila maswali, na madaftari yake yakae huko. Wasimamizi wa ubatizo, hii ni kazi yenu hasa. Zawadi ya Kipaimara ni jambo dogo. Mzazi asiyekunywa naye asaidiwe, maana akichoka yeye, mtoto hana pa kuegemea. Tusimtume mtoto kumhubiria baba, wala tusimsimamishe kutoa ushuhuda. Tena tuache kumtuma dukani kununua pombe: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia mtoto kilevi. (Na sherehe zetu za Komunyo ya Kwanza, ambamo kreti za bia huwa nyingi kuliko za soda, mtoto huyu anazionaje?)

Penye kipigo au njaa, sheria hiyo hiyo inataka taarifa itolewe kwa serikali ya mtaa au kijiji. Lipo pia dawati la jinsia na watoto polisi, na simu ya bure 116. Kwa mafrateri, neno moja la kukumbuka baada ya upadrisho: alichosema mtoto katika kitubio hakitoki humo. Padre anaweza kumtia moyo amweleze mtu mzima nje ya kitubio. Kwenda mwenyewe kwa mjumbe hawezi.

Baba akikubali kuacha, asifungiwe ndani na kuombewa tu. Aliyekunywa sana kwa miaka akikatiza ghafla anaweza kupata degedege na hata kufa, hivyo apelekwe hospitali kwanza.

Na akiacha kweli, tusitegemee mtoto afurahi siku hiyo hiyo. Binti aliyeendesha nyumba miaka mitatu sasa anaambiwa na baba saa ya kulala. Atakasirika, na tutamwita mkaidi. Bado anasikiliza hatua njiani. Frateri asimharakishe kusamehe. Amuulize kwanza kama siku hizi analala usiku kucha, kisha amtafutie nafasi ya kucheza na wenzake Jumamosi.