Kioo Kipya, Kelele Zaidi?

Nilifunga kioo kirefu kipya cha kukinga upepo kwenye pikipiki, nikaendesha kutoka Chalinze hadi Segera, nikashuka kichwa kinagonga na masikio yanavuma. Tangu hapo sifungi kitu bila kupima kwanza.

1. Tafuta upepo safi. Barabara ikiwa imenyooka na haina magari, inuka kidogo juu ya vikanyagio, kisha inama kidevu kikaribie tangi. Juu upepo ni mwingi ila unapita sawasawa, chini kumetulia. Vurumai iko katikati: upepo uliokatwa na ukingo wa kioo hujikunja kuwa visulisuli, na vyote vinatua kwenye helmeti yako. Kutulia ulikopata ulipoinuka au ulipoinama ndiko kunakokuambia kioo kishushwe au kipandishwe.

2. Usikimbilie kirefu. Mara nyingi kifupi ndicho dawa: kifua kinapata nafuu, kichwa kinabaki kwenye upepo safi. Ukingo wa juu usizidi usawa wa pua. Usiku wa mvua, taa za lori zikikujia usoni, lazima uone barabara kwa juu ya kioo.

3. Acha pengo chini. Kioo kilichozibwa kabisa huacha hewa hafifu nyuma yake, na upepo hurudi kwa fujo kuijaza. Ndiyo maana unahisi unasukumwa mgongoni. Weka washa mbili tatu kwenye kila boliti, kioo kisogee mbele kidogo. Kaza taratibu, plastiki hupasuka. Kwangu washa hizo za bei ndogo zilisaidia kuliko kioo chenyewe.

4. Ziba shingo. Skafu nyepesi, basi.

5. Linda masikio, hata kioo kikikaa vizuri. Kwenye kilomita 100 kwa saa, kelele ndani ya helmeti huweza kupita desibeli 95. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inashauri kelele isizidi desibeli 85 kwa saa 8, na muda huo upungue nusu kwa kila desibeli 3 zinazoongezeka. Piga hesabu: hata saa moja haifiki. Vizibo vya sponji hugharimu kidogo sana, na usikivu ukipotea haurudi. Tafadhali vaa.

6. Bodaboda, vua mwavuli kabla ya kuingia barabara kuu. Lori likikupita, mwavuli hugeuka tanga, na usukani unakwenda unakotaka wenyewe.

7. Osha kioo kwa maji na sabuni laini. Petroli huacha nyufa ndogondogo, na jua la jioni likizipiga huoni mbele.