Malengelenge ya Mdomo na Kikombe cha Kituo cha Maziwa

Bwana Mkulima, na wewe Mama, bila shaka mmeyaona malengelenge madogo yatokayo ukingoni mwa mdomo. Kwanza ngozi huwasha na kuchoma, kisha hutoka vipele vya maji, hupasuka na kufanya gamba. Watu husema, "Ni homa inatoka." Sivyo. Homa huuamsha ugonjwa huu tu, kama jua kali na uchovu.

Mwenye kuuleta ni kijidudu kiitwacho virusi vya hepesi. Kikiisha kuingia mwilini hakitoki. Hujificha katika mishipa ya fahamu. Wengi wetu tulikipata utotoni, na duniani wanacho watu zaidi ya bilioni 3. Basi si uchawi, wala si jambo la kumcheka jirani.

Hupita katika mate na katika maji ya lengelenge. Njia yake kubwa ni busu. Vyombo hukipitisha kwa nadra zaidi, maana hakidumu sana penye ukavu. Lakini nimekaa kituo cha maziwa asubuhi nikatazama kikombe kimoja cha bati kikipita midomo kumi, kingali na mate, bila sabuni. Hapo kijidudu hakipati nafasi ya kukauka. Ndivyo ilivyo kwa kijiko, mswaki, wembe, taulo na mafuta ya midomo. (Mrija wa busaa pia, ingawa wazee hawapendi niutaje.) Kila mtu aje na kikombe chake, na vyombo vioshwe kwa sabuni na maji ya moto.

Mwenye malengelenge asiyatumbue. Akiyagusa anawe mikono kabla ya kushika macho, kwani jicho laweza kuharibika. Kwa kawaida hupona kwa siku 7 hadi 10. Dawa ya asikilovia husaidia ikianzwa mapema.

Lakini hasa nimeshika kalamu kwa ajili ya mtoto mchanga. Wageni huja na uji, kila mmoja ampakate na kumbusu. Mtoto wa majuma machache hana nguvu za kukipinga kijidudu hiki. Chaweza kuingia ubongoni na kumwua. Mwenye kidonda mdomoni asimbusu kamwe, hata akiwa nyanya yake. Mama mwenye kidonda cha mdomo aendelee kunyonyesha, ila anawe mikono na asimbusu; kidonda kikiwa kwenye titi, asimnyonyeshe titi hilo. Mtoto akipata homa, akakataa kunyonya, au akatoka malengelenge, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni siku ya kupeleka maziwa.