Viwakilishi vya Wingi katika Kirusi

SWALI: Mheshimiwa Mwalimu, mdogo wangu anajiandaa kwenda kusoma Moscow, katika kile Chuo Kikuu kilichopewa jina la Patrice Lumumba mwaka 1961. Kitabu chake cha Kirusi kina maneno "my s bratom", yaani "sisi pamoja na ndugu". Je, hapo hutajwa watu wangapi? (Msomaji, Bukavu)

JIBU: Aghalabu hutajwa wawili tu, msemaji na nduguye, wala jambo hili lisikustaajabishe, kwani hata sisi husema "tulikwenda Uvira na ndugu yangu", hali ya kuwa wasafiri walikuwa wawili, kwa sababu ule wingi wa kitenzi umekwisha kumhesabu anayetajwa baadaye.

Ama "vy", ambayo maana yake ni "ninyi", huelekezwa pia kwa mtu mmoja kwa ajili ya taadhima, mithili ya "vous" ya Kifaransa mnayoizoea maofisini huko Bukavu; na kitenzi chake hubaki katika wingi, "vy znaete", ijapokuwa jina la cheo au kazi ya huyo mtu husalia katika umoja.

Katika "oni", yaani "wao", hutoweka ile tofauti ya mwanamume na mwanamke iliyomo katika "on" na "ona". Na katika umilikaji, "nash" na "vash" hulifuata jina la kitu kinachomilikiwa, kama "-etu" na "-enu" zetu, lakini "ikh", yaani "-ao", haibadiliki kamwe.

Basi mdogo wako na amwite mwalimu wake "vy", wala asithubutu kumwambia "ty", yaani "wewe", kabla ya kupewa idhini.